Moyo Uliotulia Mno

Shirika letu lilipotupunguza kazi, nilirudi nyumbani Mkonze na barua ya kuniaga, kiti cha ofisini ambacho hakuna aliyekidai, na hasira. Barua niliitupa juu ya kabati. Kiti nilikiweka uani, na hasira nikawa nakaa nayo juu ya kiti hicho kuanzia asubuhi hadi jua linapozama.

Nilikuwa mtunza stoo. Kwa miaka kumi na mitano nilijua kila msumari uliingia lini na ulitoka na nani. Kisha likaja soko huria, shirika likawekwa sokoni kama mbuzi, na sisi tuliolitumikia tukaambiwa tukajiajiri. Dodoma mjini kila kona palikuwa na mtu aliyefungua duka. Mimi nilichokijua nje ya stoo ni kutengeneza redio, kazi niliyojifunza kwa kuziharibu za kwangu mwenyewe. Basi nikaegesha meza chini ya upenu, karibu kabisa na mlango wa jiko la uani, nikaandika kibao, nikasubiri wateja. Wateja walikuja kwa kudonoa donoa. Hasira haikuondoka.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitoka na watoto wetu wawili, wakarudi alasiri. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba ilibaki na watu wawili, mimi na mama mkwe, na hao ndio watu wawili ambao kwa desturi ya kwao mke wangu hawakutakiwa kabisa kubaki pamoja.

Mama mkwe alikuwa mjane kutoka Bahi, mkulima wa mpunga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Alikuja kukaa kwetu mwaka mmoja kabla sijaachishwa kazi, alipogundulika ana sukari na muda mfupi baadaye presha. Kliniki ya sukari ilikuwa hospitali ya mjini, na kutoka Bahi kwenda na kurudi kila mara kulikuwa kunamchosha. Mke wangu alimfuata, akambeba na magunia yake mawili ya mchele, akampa chumba cha uani. Mimi sikupinga. Wakati ule nilikuwa nafika nyumbani jioni tu, na jioni ni rahisi kumkwepa mtu.

Mimi ni mtu wa Busi, huko Kondoa. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, usinielewe vibaya. Lakini katika ukoo wa mke wangu heshima hiyo ilikuwa kazi ya kutwa. Mimi na mama mkwe hatukushikana mikono. Hatukutazamana usoni. Hatukutajana majina. Hakuna aliyekula mbele ya mwenzake wala mahali ambapo mwenzake angeweza kumsikia akila. Asubuhi alichuchumaa nyuma ya mlango wake akasema, "Mbukwa," nami nikaitikia nikiwa nimeutazama ua wa minyaa kana kwamba ndio ulionisalimu.

Likiwapo jambo la lazima, alimwambia kuku. Tulikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyependa kulala mlangoni kwake. "We kuku," angesema, "mwambie mwenye mji wako hiyo redio inayokoroma itaniua kabla ya sukari." Nami ningemwambia kuku amwambie bibi yake kwamba redio hiyo ni ya mteja na lazima ikorome kwanza ndipo iseme. Kuku alikuwa na mambo yake. Sisi tulielewana vizuri tu.

Sukari yake nayo tuliiwekea utaratibu. Alikuwa anameza kidonge cha sukari kila asubuhi, na kidonge hicho kina ukorofi wake. Sukari ikishushwa kupita kiasi mtu huanguka, na asipowahiwa hufa. Kliniki walimfundisha mke wangu dalili, naye akatufundisha sisi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho kutoka. Mama mkwe alizichambua kwa namna yake. Kutetemeka alisema ni uzee, jasho alisema ni kazi. Alichokiamini ni moyo. Moyo ukianza kumpiga teke kifuani alijua sukari imeshuka, akachukua mwiko na kugonga ukuta mara tatu. Hapo mimi niliacha redio, nikachemsha chai yenye sukari ya kutosha kufunga mdomo, nikaiweka juu ya kigoda mlangoni kwake, nikaenda kusimama nje ya ua mpaka nisikie kikombe kinarudishwa.

Kabla sijaachishwa kazi mambo hayo yalitokea mara moja moja, tena jioni. Sasa ilikuwa karibu kila wiki, na siku zote asubuhi. Nilidhani ni maradhi yanakomaa. Na nitasema ukweli, kugongewa ukuta kulikuwa kunanifurahisha. Hakuna aliyekuwa ananihitaji duniani isipokuwa huyo mama na mwiko wake.

Kisha dawa yake ya presha ikakosekana kliniki. Wakamwandikia mke wangu akanunue nje, naye akaenda kwenye duka moja jipya la dawa, moja kati ya yale yaliyokuwa yanachipuka kila mtaa. Muuzaji hakuwa nayo ile iliyoandikwa. Alitoa nyingine, akasema hii ndiyo iliyoingia sasa, watu wote wanaichukua, ya presha ni ya presha. Mke wangu alikuwa anawahi shule. Akaipokea.

Vidonge vile vilifanya maajabu. Baada ya wiki moja mama mkwe alimwambia kuku kwamba kichwa kimeacha kumgonga. Baada ya wiki mbili akasema moyo wake, ambao tangu afiwe na mumewe ulikuwa unashtuka kwa kila kitu, sasa umetulia kama wa msichana. Ukuta haukugongwa tena. Wiki ya tatu, wiki ya nne, kimya. Nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye soko huria limeniletea kitu kimoja cha maana. Tulicheka wote. Nilikuwa najisikia mpweke kidogo kwa kukosa kuchemsha chai, lakini hilo sikulisema.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya kipupwe, ule upepo mkavu wa Dodoma unaopasua midomo na kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefungua redio ya mteja na nimeshika waya kwa meno, mlango wa mama mkwe ukafunguka, akatoka.

Alitoka kichwa wazi. Alikuja moja kwa moja hadi mezani kwangu, akanitazama usoni, akanitaja kwa jina langu. Jina langu kamili, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akasema, "Nipe mguu wangu. Umeuficha kwenye redio." Kisha akaketi juu ya kiti changu cha ofisini, ambacho nilikuwa nimekiacha kwa mshtuko, akaanza kucheka.

Msomaji mwenye akili timamu atasema hapo ningejua mama anaumwa. Mimi sikujua. Nilichoona ni mkwe wangu amevunja kila kitu kwa mara moja, kichwa wazi, jina, macho, kiti, na nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza hadi leo. Nilidhani amenikasirikia, pengine ameamua kunidhalilisha kwa sababu ni mwanamume ninayeshinda nyumbani. Nilifanya kile ambacho mkwe mwenye adabu anatakiwa kufanya. Nilifunika uso kwa mkono, nikatoka mbio uani, nikaenda kujificha nyuma ya zizi la jirani.

Nilikaa pale, sijui dakika tano, sijui kumi, nikimwomba Mungu mke wangu arudi mapema. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona na sikukitazama. Shingo ya gauni lake ilikuwa imelowa. Imelowa chepechepe, mpaka kifuani. Nikajiambia amejimwagia maji. Kisha nikajiambia, maji gani? Ndoo zilikuwa tupu. Zamu ya kwenda bombani ilikuwa yangu, na nilikuwa sijaenda kwa uvivu. Pale nilipochuchumaa upepo ulikuwa unanichoma masikio, na hakuna mtu Mkonze nzima aliyekuwa anatoka jasho siku ile.

Sijawahi kukimbia vile. Nilimkuta ameteleza kutoka kwenye kiti, yuko chini kwa ubavu, macho nusu. Nilimwita, "Mama! Mama!" Akaguna tu. Nikasimama juu yake, na mkono wangu ukakataa kwenda. Miaka saba tangu nimwoe binti yake sijawahi kugusa hata kamba ya ndoo aliyoishika. Nikapiga moyo konde, nikamshika kifundo cha mkono kama nilivyomwona mke wangu akifanya, nikatafuta mapigo.

Yalikuwa taratibu. Moja, nyingine, nyingine, kwa mpango, kama ya mtu aliyelala baada ya kushiba. Hapo nilichanganyikiwa hasa. Kwa utaratibu wetu wote moyo ndio uliokuwa unasema, na moyo ulikuwa unasema hakuna tatizo. Kwa kitambo kidogo nilitaka kuamini. Nilitaka kumfunika kanga, nimwache apumzike, nirudi kwenye heshima yangu. Lakini mkono wake ulikuwa unateleza mkononi mwangu kwa jasho, baridi kabisa.

Jikoni kulikuwa na chupa ya asali ambayo kaka yangu alinitumia kutoka Busi. Chai ingechelewa, na mtu aliye nusu usingizi ukimnywesha chai unaweza kumpalia. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka ndani ya shavu. Nikachovya tena. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema, na huku namwomba msamaha kwa kila kidole. Cha tano au cha sita, aliking'ata. Aling'ata kweli, nusura aone mfupa. Sijawahi kufurahi kuumizwa kama siku ile.

Jirani yetu mwenye zizi alikuwa anafanya biashara ya zabibu, na pikapu yake ilikuwa ndiyo inawashwa, imejaa masanduku ya kupeleka mjini. Nilipiga kelele, akaja. Akamtazama mama, akanitazama mimi. "Mbebe tuondoke," akasema.

"Siwezi kumbeba," nikajibu. "Huyu ni mama mkwe wangu."

"Kidole umeshamtia mdomoni. Unaona haya mgongo?"

Nikambeba. Alikuwa mwepesi ajabu kwa mtu mwenye sauti ile. Tulimlaza nyuma katikati ya masanduku ya zabibu, mimi nikiwa nimeshika kichwa chake na chupa ya asali, jirani akiendesha huku akilaani kila shimo.

Hospitali walimtundikia dripu ya maji ya sukari, na kabla chupa haijafika nusu alifumbua macho akauliza nani amemvua viatu. Hakuwa na viatu alipotoka nyumbani. Muuguzi mkuu wa kliniki ya sukari, mama wa mjini mwenye ushungi mweupe na maneno makali, alisema tusishangilie mapema. Kidonge cha sukari hukaa mwilini muda mrefu, akasema, kinaweza kumshusha tena, kwa hiyo atalala hapo siku mbili. Kisha akaomba kuona dawa zake. Mke wangu, aliyekuwa ameitwa kutoka shuleni na kufika na chaki bado vidoleni, akazitoa kwenye mkoba.

Muuguzi aliinua kile kidonge kipya cha presha akakigeuza geuza. "Hiki nani kaandika?"

Mke wangu akaeleza habari za duka.

"Kidonge hiki si kibaya," muuguzi akasema. "Kuna watu ndicho kinachowaweka hai. Lakini kazi yake ni kuushika moyo usiende mbio. Sasa sukari ikishuka, mwili unaomba msaada kwa kuutuma moyo. Moyo umeshikwa. Hauwezi kukimbia, hauwezi kuwaambia. Mtu anaanguka mkisema ametulia."

"Kwa hiyo tutajuaje?" nikauliza.

"Jasho. Jasho kidonge hakilizuii. Nani aliwaambia mtazame moyo peke yake?"

Akaendelea kwamba kwa hali ya hewa ya kwetu jasho hukauka kabla mtu hajaliona, kwa hiyo tushike shingo na nyuma ya masikio, tusisubiri litiririke. Mama angebadilishiwa dawa ya presha, lakini hii tusiiache kwa siku moja. Moyo uliozoea kushikwa ukiachiwa ghafla unaweza kuruka ovyo na ukamletea balaa jingine. Angeipunguza kidogo kidogo, nusu kidonge kwanza, huku anakuja kupimwa. Nilimsikiliza kama nilivyowahi kumsikiliza mkaguzi wa stoo, neno kwa neno.

Ndipo akauliza swali ambalo ndilo lililoniangusha mimi. "Asubuhi alikula nini?"

Mke wangu akasema uji. Kila siku alikuwa anaacha sufuria ya uji jikoni, juu ya makaa, kabla ya kwenda shule, na kila siku akirudi anakuta sufuria tupu.

"Aliula saa ngapi?"

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama dirisha. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukutani, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Sijala."

Muuguzi alimtoa maneno kama mtu anayechomoa mwiba. Zamani, mama alisema, mkwe alikuwa anakwenda kazini asubuhi. Akiondoka tu, yeye alitoka, akala uji wake jikoni, akameza kidonge chake. Siku hizi mkwe hana kazi. Ameweka meza mlangoni pa jiko. Mama hawezi kupita mbele ya mkwe kwenda kujipakulia chakula, na hata angepakuliwa akaletewa chumbani, mkwe yuko hapo hapo nje, atasikia anameza. Basi anameza kidonge asubuhi kama alivyoagizwa, na uji anausubiri mpaka mkwe atoke kwenda dukani au kunywa kahawa na wenzake. Siku nyingine anatoka saa tatu. Siku nyingine saa tano. Siku ile sikutoka.

Niliposikia hayo nilitamani kupasuka. Miezi yote ile ya kugongewa ukuta na kujiona mwokozi, kumbe sukari ilikuwa inashushwa na kiti changu. Nilikuwa namchemshia chai ya ugonjwa niliokuwa nausababisha mwenyewe kwa kukaa hapo nimenuna. Na siku ilipofika ya kumsaidia, nilikimbia. Nilimweleza mke wangu hilo pale pale koridoni, kwamba nilikimbia na nikajificha nyuma ya zizi. "Lakini ulirudi," akasema, akaenda kumtafutia mama yake maji.

Siku ya pili mama mkwe akamwambia mke wangu kwamba akitoka hospitali apelekwe Bahi. Hakulia wala hakugomba. Alisema hawezi kuishi mji mmoja na mkwe aliyemtia vidole mdomoni na kumbeba mgongoni, atakuwa anamtazamaje? Mke wangu alijua, nami nilijua, kwamba Bahi maana yake ni kukosa kliniki, kukosa mtu wa kumshika shingo, tena katika hizo wiki za kupunguza kidonge. Ilikuwa ni kumpeleka akafe kwa adabu. Nilisema nitahamisha meza barabarani. Nilisema nitakuwa naondoka alfajiri nizunguke mjini mpaka jioni kama mtu mwenye kazi. Nilikuwa nasema hayo nikiwa nje ya mlango wa wodi, kwa sababu ndani nilishindwa kuingia.

Muuguzi alinisikia. Akanivuta ndani kwa mkono wa shati, akanisimamisha miguuni pa kitanda. Mama mkwe akajifunika uso kwa shuka.

"Mama," muuguzi akasema, "chai anayokuchemshia mkweo ukigonga ukuta, unakunywa?"

"Nakunywa," akajibu kutoka ndani ya shuka.

"Mbona hiyo unakunywa?"

"Ile ni dawa. Dawa siyo chakula."

"Na uji?"

"Uji ni chakula."

Muuguzi akanyoosha mkono. "Kadi."

Mke wangu akampa kadi ya kliniki, ile ya kijani, ambayo mama mkwe hakuweza kuisoma lakini aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya kitambaa ndani ya mkoba. Kwa kadi ile alikuwa hana ubishi. Ikisema nusu ni nusu, ikisema Jumanne ni Jumanne. Muuguzi aliandika polepole, kisha akasoma kwa sauti ya wodi nzima kusikia: "Uji, kikombe kimoja, kila asubuhi, pamoja na kidonge. Unywewe mbele ya mtu." Akapiga mhuri.

Shuka likashuka kidogo. "Mtu gani?"

"Aliyepo," muuguzi akasema, akatoka zake kwa mgonjwa mwingine.

Mama huyo wa ushungi sijui yuko wapi leo. Nilimshukuru siku ile kwa maneno machache ya kigugumizi, na tangu hapo namshukuru kila ninapomkumbuka. Wapo waliosomea zaidi yake, lakini sidhani wangejua kuandika dawa ile. Namshukuru na yule jirani, ambaye hakukubali hata robo ya lita ya petroli. Mama mkwe aliishi nasi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, akabadilishiwa dawa, moyo wake ukarudiwa na vishindo vyake, akaushinda ukorofi wa sukari mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Lakini miaka hiyo isingekuwapo bila asubuhi moja, ile ya kwanza baada ya kutoka hospitali, kwa sababu hakuahidi kitu. Alikubali kurudi Mkonze kwa siku moja tu, akaone.

Asubuhi hiyo mke wangu aliacha uji juu ya makaa, akanitazama kama msimamizi wa mtihani, akaondoka na watoto. Nilikaa mezani. Nilifungua redio na sikuigusa. Miguu ilikuwa inataka kwenda zake, nikaikunja chini ya kiti. Jua likapanda juu ya ua. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na nikaanza kufikiri jinsi ya kutafuta gari la Bahi.

Mlango ukafunguka. Alitoka amejifunga kanga vizuri, kadi mkononi, ameishika mbele kama mtu anayemwonyesha mlinzi kibali. Alipita mbele yangu akaingia jikoni. Nilisikia upawa ukigonga sufuria. Akatoka na kikombe cha bati, akaweka kigoda katikati ya uani, akaketi. Hakunipa mgongo.

Akameza kidonge chake cha sukari na ile nusu ya presha. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kukipeleka mdomoni, na nikaona mikono inatetemeka. Niliinuka nusu. Nikamtazama shingo kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kavu. Haikuwa sukari, ilikuwa haya tu, na dhidi ya haya sikuwa na cha kumsaidia isipokuwa kukaa. Nikakaa.

Akanywa. Alikunywa funda moja, nikalisikia likishuka, sauti ambayo kwa miaka saba tuliikwepa wote wawili. Akanywa la pili. Kisha akashusha kikombe, akaniinulia macho.

"Mkwe," akasema, "kamimine na wewe. Sitanywa uji huku natazamwa kama ng'ombe wa mnadani."

Nilikwenda jikoni nikamimina. Nilirudi nikaketi kwa pupa, uji ukamwagikia redio ya mteja. Hakucheka. Tulikunywa mpaka vikombe vikaisha, kisha akainuka, akachukua changu mkononi mwangu, akaenda kuviosha pamoja.